Meno ya Kilebu na Fimbo ya Mwenye Boma

Asembo Bay iko kaunti ya Siaya, upande wa Rarieda, kwenye ufuo wa kaskazini wa ghuba ya Winam. Omena, yaani dagaa wa ziwani, zikianikwa asubuhi juu ya nyavu kuukuu, hapakosi mbwa wa mtu anayenyemelea, na hapakosi mama wa kumtupia jiwe. Ugomvi huo ni wa tangu jadi na kila upande unajua sheria zake: mbwa akiwahi amekula, akichelewa amepigwa. Ugomvi mpya uko ndani ya nyumba. Slipa imebaki moja. Kona ya kochi imetoka sponji. Waya wa chaja umekatwa vipande vitatu, kuku wawili hawaonekani, na mgeni aliyekuja na suti ya kanisani ameondoka na nyayo za matope kifuani. Mshukiwa ana miezi mitano na anaitwa Simba, kama mbwa wengine chungu nzima wa nchi hii.

Mashauri ya majirani ni yale yale. Mchape. Mfunge mnyororo. Yakishindikana, mtie kwenye gunia siku ya soko umwache huko. Wanaotoa mashauri haya wameishi na mbwa maisha yao yote, kwa hiyo si watu wa kupuuzwa. Tatizo ni kwamba uzoefu wao ni wa mbwa aliyelelewa katika boma la aina nyingine.

Ndani ya ua wa mnyaa wa zamani, mbwa alikuwa na ratiba bila mtu kuipanga. Alilala nje, chini ya ghala au kando ya zizi. Alikula ukoko wa ugali na vichwa vya samaki. Mchana alifuatana na wavulana machungani, akafukuza sungura, akarudi jioni hoi. Kutafuna alitafuna kutwa: vijiti, kwato, vipande vya ngozi, mifupa iliyosahaulika. Hakuna aliyehesabu, kwa sababu hakuna alichotafuna kilichokuwa na bei. Leo wavulana wako shuleni tangu alfajiri na jioni wana kazi za ziada za mwalimu. Sakafu ni ya saruji au ya vigae, sebuleni kuna seti ya viti iliyolipiwa kidogo kidogo, na waya zimefika hadi chumbani tangu serikali iliposambaza stima vijijini. Lango ni la chuma na limefungwa. Kilebu aliyeletwa humo ana mwili na akili za yule mbwa wa machungani, ila machunga hayapo.

Kisumu mjini mambo yamekaza zaidi. Huko Milimani, Riat au Mamboleo mbwa hununuliwa kwa ajili ya usalama, na kibao cha "Mbwa Kali" mara nyingi hutundikwa langoni kabla mbwa mwenyewe hajafika. Kilebu hutiwa katika banda la mbao na wavu tangu asubuhi, akafunguliwa usiku watu wakienda kulala. Wapo wanaoamini kwamba akipapaswa ataharibika na kuwapenda wezi. Wapo hata wanaomchanganyia pilipili kwenye ugali ili awe mkali. Kinachotoka humo ni mnyama aliyelimbikiza nguvu za siku nzima, anayefunguliwa gizani katika ua wenye kamba ya nguo, viatu vya soja na mabomba ya maji. Asubuhi mwenye nyumba hushangaa.

Pwani ya Waswahili, swali hili halikupata nafasi ya kuwa kubwa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea kule, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wa kulinda au wa kuwinda anakubalika, lakini makao yake ni nje, kwa hiyo makochi ya Mombasa na Lamu yamesalimika. Bara hakukuwa na katazo la namna hiyo, na mbwa ameingia sebuleni polepole, kwanza kwa kufuata watoto, kisha kwa mazoea. Ameingia kabla ya wenye nyumba kuamua ni sheria zipi zitamwongoza humo.

Sasa tumtazame mhalifu mwenyewe. Kilebu huzaliwa kibogoyo. Meno ya utotoni, 28 kwa jumla, huanza kuchomoza akiwa na wiki tatu hivi. Kufikia mwezi wa nne yanaanza kung'oka na kupisha meno ya ukubwani, ambayo ni 42, na shughuli hiyo hukamilika mnamo mwezi wa sita au wa saba. Muda wote huo fizi zinawasha na kuuma, na kutafuna kunamtuliza. Usishangae ukiokota jino dogo kwenye mkeka, au ukiona tone la damu kwenye kiatu; mara nyingi jino huanguka na kumezwa bila mtu kujua. Meno yakishatimia, wenye mbwa hutarajia amani, na hapo ndipo wanapovunjika moyo, kwa kuwa ujana wa mbwa unaanza. Kuanzia mwezi wa saba hadi kupita mwaka mmoja mbwa ana taya zenye nguvu, hamu ya kuchunguza kila kitu, na subira ndogo. Kiatu alichokuwa akikitoboa sasa anakimaliza.

Halafu kuna harufu. Watu huuliza kwa nini anaacha gunia na kuchukua slipa ya mama. Mama huyo ameshinda ufuoni akigeuza omena. Slipa zake, leso yake na pindo la rinda lake vimelowa harufu ya samaki na jasho lake mwenyewe, yaani chakula na mlezi kwa pamoja. Kwa pua ya kilebu, hakuna kitu chenye thamani zaidi nyumbani humo. Anachagua vizuri kabisa. Sisi tu ndio tunaoona ni slipa.

Wengine hutafuna kwa njaa. Siku hizi ugali mkavu mara moja kwa siku unahesabiwa kuwa chakula cha mbwa, na kilebu wa miezi mitatu anahitaji kula mara tatu. Serikali inapofunga uvuvi wa omena ili zizaliane, kwa kawaida kuanzia Aprili hadi Julai, makombo ya ufuoni nayo hupungua, na mbwa aliyezoea kujitafutia hugeukia jikoni. Wengine hutafuna kwa upweke: wao huharibu mlango na fremu yake, mahali pale pale watu walipotokea, na huharibu watu wakiwa hawapo tu. Minyoo nayo, ambayo vilebu wengi huipata kwa mama yao hata kabla ya kuzaliwa, humfanya awe na tumbo kubwa na njaa isiyokwisha. Dawa ya minyoo inauzwa katika kila agroveti, na ni shilingi chache ukilinganisha na kochi. Kabla ya kumwita mbwa mtundu, inafaa kujua ni lipi kati ya haya linalomsumbua, maana mbwa mwenye njaa hafundishiki na mbwa mpweke hazidi kutulia kwa kutengwa.

Tuje kwenye fimbo, ambayo ndiyo kiini cha ubishi wote. Wanaoitetea husema samaki mkunje angali mbichi, na katika jambo la umri wako sahihi kabisa. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza vilebu kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kuna kipindi kifupi, kuanzia wiki ya tatu hadi ya 12 hivi, ambapo kilebu huzoea watu, wanyama wengine na mazingira kwa urahisi ambao hautarudi tena. Asiyekutana na watoto, kuku na pikipiki katika wiki hizo atakuja kuviogopa au kuvikimbiza. Kwa hiyo mapema ni mapema kweli. Methali haisemi, hata hivyo, kwamba samaki hukunjwa kwa rungu.

Udhaifu mkubwa wa fimbo ni saa. Mbwa huunganisha tendo na kinacholifuata papo hapo, ndani ya sekunde chache. Baba anarudi saa kumi na moja, anaona kochi lililochanwa tangu saa nne asubuhi, anamwita Simba, Simba anakuja akitikisa mkia, anapigwa. Kwa hesabu ya mbwa, kosa alilolitenda ni kuitikia wito. Siku ya tatu hataitikia, na baba atasema kwamba mbwa huyu ni kiziwi au ana kiburi.

"Lakini anajua!" hujibu watu. "Mwangalie anavyoinamisha kichwa." Hoja hii inastahili kujibiwa, maana kila mwenye mbwa ameuona uso huo. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alifanya jaribio kwa mbwa 14. Wenye mbwa waliwakataza wanyama wao kula kitu fulani, wakatoka chumbani, na waliporudi baadhi yao waliambiwa mbwa amekula ilhali hakula, wengine kinyume chake. Ule uso wa hatia ulijitokeza zaidi pale mwenye mbwa alipofoka, awe mbwa amekosa au hakukosa. Na waliosingiziwa ndio walioinama zaidi. Kichwa kinachoinama ni ombi la amani kwa mtu aliyekasirika. Kukichukulia kuwa ungamo ni kumhukumu mtu kwa sababu ameogopa polisi.

Madhara ya fimbo nayo yamepimwa. Watafiti wa Ureno walichapisha mwaka 2020 matokeo kuhusu mbwa 92 waliotoka katika shule za mafunzo za mitindo tofauti. Waliofunzwa kwa adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya msongo katika mate yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo kuliko ya wale waliofunzwa kwa zawadi. Mbwa mwenye msongo hufanya nini ili ajitulize? Hutafuna. Fimbo inazalisha kile kile inachokusudia kukomesha.

Kuna pia nadharia ya ubabe, kwamba lazima umwonyeshe mbwa nani mkubwa wa nyumba, umlaze chali, ule kabla yake. Ilitokana na mbwamwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu aliyeieneza nadharia hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1970, aliikana mwenyewe baadaye alipoona kwamba kundi la mbwamwitu porini ni familia tu, baba, mama na watoto wao. Tusipoteze muda nayo.

Kama si fimbo, basi nini? Jibu halihitaji kwenda Ulaya. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hupewa ishara, mlio mfupi mkavu, mara tu anapopatia, kisha kipande cha ndizi. Asipopatia hapigwi, hapati ndizi, basi. Panya mmoja aliyezaliwa na kufunzwa Tanzania, Magawa, alifanya kazi Kambodia kwa ustadi hata shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku medali ya dhahabu mwaka 2020. Ikiwa panya anaweza kufundishwa kazi ya kuokoa roho za watu kwa ndizi, mtu anayedai kwamba mbwa hasikii ila kwa kiboko anapaswa kueleza kwa nini.

Mfano wa pili uko jirani zaidi na swali letu. Mbwa wanaonusa pembe za ndovu katika bandari na viwanja vya ndege vya ukanda huu, wakiwemo waliofunzwa na shirika la African Wildlife Foundation kule Usa River karibu na Arusha, hulipwa kwa mpira wa kuchezea. Wakufunzi wanapochagua mbwa wa kazi hiyo humtafuta yule mwenye wazimu wa kushika kitu mdomoni, asiyechoka kukitafuta kikifichwa, anayeng'ang'ania. Kwa maneno mengine, humtafuta mbwa yule yule ambaye katika nyumba ya kawaida angemaliza viatu vyote. Tabia ni ile ile. Mmoja kapewa kazi, mwingine kafungiwa na kochi.

Asembo ina malipo bora kuliko ndizi na mpira, nayo ni omena. Ni ndogo, kavu, zina harufu kali, hazichafui mfuko sana, na gorogoro moja ina maelfu. Tazama jinsi zinavyofanya kazi. Kilebu amenyakua slipa na kukimbilia chini ya mwembe. Mtoto anamkimbiza akipiga kelele, na kwa kilebu huo ndio mchezo mtamu kuliko yote, kwa hiyo kesho atanyakua tena.

"Usimkimbize, mjukuu wangu," anasema nyanya. "Kaa chini. Mwite jina lake, umwonyeshe omena."

"Sasa nyanya, si utakuwa unampa zawadi kwa kuiba?"

"Nampa kwa kuachia. Ukimpa akiwa bado ameshika, hapo umemfundisha kuiba."

Jibu la nyanya linabeba somo lote. Omena inatolewa sekunde ile slipa inapoanguka, pamoja na neno moja lisilobadilika, "achia" au lolote lile, mradi wote nyumbani watumie hilo hilo. Papo hapo anapewa kitu chake halali cha kutafuna, na slipa inapanda juu ya kabati. Baada ya siku kadhaa za namna hii mbwa huanza kuleta slipa mwenyewe, jambo ambalo lina usumbufu wake, lakini ni usumbufu wa mbwa anayekuja kwako na si wa mbwa anayekukimbia.

Na slipa inapanda juu ya kabati. Narudia kwa sababu nusu ya dawa imo humo na ndiyo nusu inayodharauliwa. Kila kiatu alichofanikiwa kukitafuna kimemlipa, kwa utamu, bila wewe kuwepo. Katika miezi hii yote, viatu vikae juu, waya zipitishwe nyuma ya meza, mlango wa chumba ufungwe, na kilebu asiachwe peke yake sebuleni hata kidogo. Asipoweza kuangaliwa, awe mahali pake: kona ya veranda iliyozungushiwa mbao, yenye gunia la kulalia, maji na kitu cha kutafuna. Awe humo kwa saa chache, si kutwa. Kilebu hulala saa 18 hivi kwa siku, na mara nyingi utundu wa jioni ni usingizi ulionyimwa nafasi, kama ule wa mtoto mdogo.

Kitu halali cha kutafuna ni kipi? Hapa desturi zetu zina hatari ambazo hazisemwi vya kutosha. Kigunzi cha mahindi, ambacho kila boma hukitupa uani, ni miongoni mwa vitu vinavyoziba matumbo ya mbwa mara nyingi. Hakimeng'enyeki, na kipande kimoja kikikwama ni upasuaji au kifo. Kokwa la embe ni vivyo hivyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali. Mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta yanayotoka viwanda vya minofu vya Kisumu na kukaangwa mitaani, una miiba migumu ya kuchoma koo. Ufuoni kuna ndoana zenye chambo, na mbwa hawezi kujua kwamba samaki yule amefungwa kwenye chuma. Kiatu kikuukuu kisigeuzwe kitu cha kuchezea hata siku moja, kwani hakuna kilebu awezaye kutofautisha kiatu kilichostaafu na kiatu cha harusi. Kinachofaa ni kitambaa kigumu kilichofungwa mafundo, kikalowekwa maji baridi siku fizi zinapouma, karoti mbichi, mfupa mkubwa mbichi wa goti la ng'ombe kutoka buchani, mkubwa kuliko mdomo wake, atafune ukimwona na uondolewe ukianza kumeguka.

Chandarua nacho kinastahili neno la peke yake. Asembo na Gem ndipo palipofanyika, mwishoni mwa miaka ya 1990, jaribio kubwa la taasisi ya utafiti ya KEMRI na wenzao wa Marekani lililothibitisha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa hupunguza vifo vya watoto wadogo hata mahali penye malaria nyingi mwaka mzima. Leo vimo katika nyumba nyingi, vikining'inia hadi sakafuni, laini, vikiyumba kwa upepo. Kwa kilebu ni mwaliko. Nyuzi zake akizimeza hujikunja tumboni, na tundu moja chini ya kitanda ni mlango wa mbu. Mchana kikunjwe na kufungwa juu.

Vitu vichungu vya kupaka kwenye miguu ya meza, kama maji ya pilipili, huwazuia mbwa wengine na kuwachangamsha wengine. Shubiri iachwe, inaharisha. Hata dawa chungu ikifaulu, imemwambia mbwa wapi asitafune tu, na fizi bado zinawasha.

Tabia nyingine za fujo zina mantiki hiyo hiyo, kwa hiyo sitazirefusha. Mkojo ndani: mtoe nje kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, mpe omena pale pale nje, na osha mahali alipokojoa vizuri hadi harufu iishe. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kukojoa mafichoni. Kurukia wageni: anataka kufikia uso, na kila anayemsukuma kwa mikono amecheza naye. Mgeni ageuke, anyamaze, ampapase miguu yote minne ikiwa chini. Ugumu hapa ni wa watu. Baba akimkataza na mjomba akija Jumapili akimkumbatia, mbwa atajifunza kwamba kurukia hulipa mara moja moja, na tabia inayolipa mara moja moja ndiyo ngumu kuliko zote kuifuta. Kuku: afungwe kamba mbele yao akiwa bado mdogo, alipwe kwa kuwatazama bila kuwavamia, akishaonja damu, suluhisho la kweli ni ua. Kung'ata vidole vya watoto kwa mchezo: vilebu hufunzana wenyewe kwa wenyewe, anayeng'ata sana mwenzake hulia na mchezo hukoma. Anayeondolewa kwa mama akiwa na wiki tano, kama wengi wanaogawiwa vijijini, amekosa shule hiyo. Wiki nane ndicho kiwango cha chini.

Lakini jino likigusa ngozi ya mtu Siaya au Kisumu, hatuzungumzi tena kuhusu adabu peke yake. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kutokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na kaunti tano zikachaguliwa kutangulia: Makueni, Kitui, Machakos, Kisumu na Siaya. Makadirio yanayotumiwa nchini ni ya vifo vya watu wapatao 2,000 kwa mwaka. Ili mnyororo wa ugonjwa ukatike, asilimia 70 ya mbwa wa mahali wanapaswa kuwa wamechanjwa, na vilebu ni kundi linaloachwa nyuma kwa urahisi, kwa imani kwamba bado ni wachanga mno. Shirika la Afya Duniani linashauri nao wachanjwe katika kampeni, hata wasiofikisha miezi mitatu.

Tena, mojawapo ya dalili za kichaa cha mbwa ni kutafuna vitu visivyo chakula: vijiti, mawe, misumari. Tofauti na kilebu wa kawaida ni mabadiliko ya ghafla. Aliyekuwa mpole anang'ata bila kuchokozwa, anakimbia ovyo, sauti inabadilika, mate yanamwagika, anashindwa kumeza. Mbwa wa namna hiyo haguswi wala hafunguliwi mdomo kutazama kama amekwamwa na mfupa. Anaitiwa afisa wa mifugo. Aliyeng'atwa, hata na kilebu wa nyumbani, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Hili linatoa sura nyingine kwa lile shauri la gunia na soko. Kilebu wa miezi sita anayetupwa sokoni kwa sababu ya kiatu haendi kupotea. Anaingia katika kundi la mbwa koko wasio na mwenyewe na wasio na chanjo, wanaopigana kwenye jaa la taka na kuwang'ata watoto wa wenzetu. Gharama ya kochi imehamishiwa kijijini. Mnyororo wa kutwa nao hauna nafuu: humfanya mbwa alinde eneo la mita mbili kwa ukali usiochagua, na siku unapokatika, wa kwanza kukutana naye ni mtoto wa jirani.

Njia ya omena ina udhaifu wake pia, na wanaoihubiri hawautaji. Inadai mtu awepo. Nyumba ambayo baba yuko Nairobi, mama yuko ufuoni tangu alfajiri na watoto wako shule ya bweni, hakuna wa kutoa omena ndani ya sekunde mbili. Mara nyingi mwalimu halisi wa mbwa ni dada wa kazi au kijana wa shamba, kwa kuwa ndiye anayemlisha, na hakuna aliyemweleza lolote wala kumwongezea kitu kwa kazi hiyo. Mwenye nyumba anayetaka mbwa mwenye adabu aanze kwa kukaa na mtu huyo na kukubaliana naye maneno matatu au manne ya amri, mahali pa kulala mbwa na saa za kula. Mafunzo ya Jumamosi pekee hayawezi kushinda mazoea ya siku sita.

Hukumu yangu basi ni hii. Kilebu anayetafuna hana ugonjwa wala laana, ana umri. Ukimlisha mara tatu, ukampa dawa ya minyoo, ukampa cha kutafuna, ukaficha usichotaka kitafunwe na kulipa unachotaka kuona, wengi hutulia wenyewe wakikaribia au wakipita mwaka mmoja. Hiyo ni miezi kumi hivi au zaidi ya kuweka viatu juu. Aliye tayari kwa miezi hiyo amchukue akiwa na wiki nane na ampeleke kuchanjwa kampeni ya kaunti inapopita. Asiye tayari anunue kufuli nzuri na amwachie mwingine kilebu huyo.